Haba na Haba: Roketi za Ngomeni na Hesabu ya Kosa Dogo

Nilipokuwa kijana nikijifunza useremala Lizaboni, hapa Songea, fundi wangu alinipa kazi niliyoiona nyepesi kuliko zote: kukata mbao za kenchi za nyumba moja ndefu. Kenchi kumi na mbili, zote za kipimo kimoja. Ya kwanza aliikata mwenyewe, akaipima mara mbili kwa futi, akaiweka kando. Mimi nikaichukua, nikailaza juu ya ubao mpya, nikapiga mstari wa penseli, nikakata. Ya pili ilipokuwa tayari niliitumia kuchorea ya tatu, na ya tatu kuchorea ya nne, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Sikuona ubaya wowote. Kila ubao ulifanana na uliotangulia, hata ungeziweka sambamba jicho lisingeona tofauti.

Siku ya kupandisha paa ndipo ubaya ulipojitokeza. Tulivuta kamba kutoka kenchi ya kwanza hadi ya mwisho, na ile ya mwisho ikawa imezidi kwa zaidi ya sentimita mbili. Bati zilipanda kilima. Fundi hakunigombeza. Alishika penseli yangu butu, akachora mstari kwenye ubao, akanionyesha unene wake. Kila mara nilikuwa nimekata nje ya mstari, na kila ubao ukaongezeka kama milimita mbili kuliko uliouzaa.

“Mwanangu,” akasema, “kosa lako ni dogo, ila umelirudia upande uleule mara kumi na moja. Hii ya kwanza ndiyo mama. Zote zizaliwe na mama. Mtoto asizae mtoto hapa kwangu.”

Miaka ikapita kabla sijasoma habari za roketi zilizorushwa kutoka Ngomeni, kaskazini ya Malindi, pwani ya Kenya, karibu kilomita 1,000 kutoka Songea ukipima kwa mstari ulionyooka. Nilipofika kwenye habari za jinsi roketi zile zilivyounganishwa kipande kwa kipande, nilimkumbuka fundi wangu na ile penseli. Waliokuwa wakiunganisha roketi kwenye jukwaa la chuma katikati ya bahari walipambana na jambo lilelile lililopandisha bati zangu kilima. Historia yao inastahili kusimuliwa kwa Kiswahili, kwa sababu ilitokea kwenye maji ya Waswahili, na kwa sababu somo lake linamhusu kila anayeshika futi.

Kukosea kunakoruhusiwa

Hakuna kitu kinachotengenezwa kwa kipimo kamili. Mchoraji wa mashine akiandika kwamba kipande kiwe na urefu wa milimita 100, anajua kwamba hakuna mkono wala mashine itakayofikia 100 barabara. Kwa hiyo anataja pia kiasi cha kukosea anachokiruhusu, tuseme milimita 0.1 juu au chini. Kiasi hicho mafundi mitambo hukiita toleransi. Kipande chenye 99.95 kinapita, chenye 100.08 kinapita, chenye 100.2 kinarudishwa.

Shida inaanza vipande vinapokutana. Cha kwanza ni halali, cha pili ni halali, cha tisa nacho ni halali, na mkaguzi ameweka muhuri juu ya kila kimoja. Vinapounganishwa, kitu kizima kinakataa: tundu la bolti halioani na tundu la pili, au mlingoti unalala upande. Kila kosa lilikuwa ndani ya ruhusa, lakini yamepandana. Huu ndio mrundikano wa toleransi. Wahenga wetu waliposema haba na haba hujaza kibaba walikuwa wakimsifu mwenye kuweka akiba, lakini kibaba hakichagui kinachomiminwa ndani yake. Makosa nayo hukijaza.

Wahandisi wana njia mbili kuu za kuhesabu mrundikano huo. Ya kwanza ni ya mtu mwenye tahadhari: chukulia kwamba kila kipande kimekosea kadiri kinavyoruhusiwa, na vyote vimekosea upande mmoja. Vipande 9, kila kimoja kikiruhusiwa kukosea milimita 0.2, vitaleta kosa la milimita 1.8. Njia ya pili inatazama bahati: ni nadra vipande vyote kukosea upande mmoja, kwani kimoja kitazidi na kingine kitapungua, na vitafutana kwa sehemu. Hapo kila kosa huzidishwa kwa lenyewe, majibu yakajumlishwa, kisha kikatafutwa kipeuo cha pili cha jumla. Kwa vipande vyetu 9 jibu ni milimita 0.6, theluthi ya lile la kwanza.

Njia ya pili huokoa fedha nyingi, kwa maana kuchonga kipande kwa toleransi finyu ni ghali. Lakini ina sharti moja ambalo halisameheki: kila kosa liwe na sababu yake lenyewe. Ikiwa vipande vyote vimepimwa kwa futi moja yenye kasoro, au vimechorwa kwa penseli moja butu, hakuna kinachomfuta mwenzake. Vyote vinakwenda upande mmoja kama siafu. Kenchi zangu zilikuwa hivyo. Ningepiga hesabu ya bahati ningejidanganya.

Kuna jambo la tatu, na kwa roketi ndilo zito zaidi. Kosa la urefu hubaki pale lilipo, ila kosa la mwinamo hukua kadiri unavyopanda. Chukua mtungi wa chuma wenye kipenyo cha mita 1, uusimike juu ya mwenzake, na upande mmoja wa kiungo uachie mwanya wa nusu milimita. Jicho halitaona kitu. Lakini kilele kilichoko mita 20 juu kitakuwa kimesogea sentimita 1 nje ya mstari. Sasa weka viungo vitatu au vinne vya namna hiyo, kila kimoja na mwinamo wake, na utaelewa kwa nini waunganishaji wa roketi huhesabu nusu milimita kama mwenye duka anavyohesabu shilingi.

Kipimo kilivyofika Songea

Kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu mrundikano huu haukuwa tatizo, kwa sababu kila kitu kilitengenezwa kwa kufuatishwa. Mhunzi alifua jembe na kuchonga mpini vilivyojuana. Kikikaza alipiga tupa, kikilegea aliongeza kabari. Kipande kilitoshana na mwenzake mmoja tu duniani, na hakuna aliyekitaka kitoshe kwa wengine.

Mabadiliko yalikuja na silaha. Mwaka 1785, huko Ufaransa, fundi bunduki Honoré Blanc alimwonyesha mgeni kutoka Marekani, Thomas Jefferson, vipande vya mitambo ya kufyatulia vilivyochanganywa pamoja. Ungeweza kuokota chochote na kuunganisha, na bunduki ikafanya kazi. Wazo hilo lilikua kwa karne nzima ndani ya viwanda vya Ulaya na Marekani, mpaka likafika mahali ambapo risasi iliyotengenezwa mji mmoja iliingia bila kusuasua ndani ya bunduki iliyotengenezwa mji mwingine.

Sisi wa Songea hatukukutana na elimu hiyo darasani. Tulikutana nayo katika Vita vya Maji Maji. Mwaka 1905 Wajerumani walikuwa na bombomu za Maxim, silaha inayomeza risasi mamia kwa dakika, ambayo ingekwama kama risasi moja ingezidi kipimo cha mwenzake. Wapiganaji wetu walikuwa na mikuki, kila mmoja kazi ya mhunzi mmoja, na magobori yasiyofanana. Kila Februari 27 tunapokusanyika penye makumbusho ya Maji Maji kuwakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906, huwa nawaza kwamba upande mmoja wa vita ile ulibeba ushujaa, na upande wa pili ulibeba, pamoja na ukatili wake, nidhamu ya kipimo. Nalisema kwa uchungu, kwa kuwa elimu isiyo na dhambi yoyote ndani yake ilitufikia kwanza ikiwa mikononi mwa anayetuua.

Baadaye elimu hiyohiyo ilitufikia kwa mlango mwingine. Karakana za Peramiho, misheni iliyoanzishwa mwaka 1898 si mbali na mji wetu, zilifundisha useremala, uashi na kazi za chuma kwa vizazi vingi. Mafundi wengi wa zamani wa Ruvuma walijifunza huko kushika pima maji, timazi na skwea, au walijifunza kwa aliyejifunza huko. Fundi wangu alikuwa mmoja wao.

Majukwaa ya Ghuba ya Ungwana

Mzee aliyeleta roketi kwenye pwani yetu aliitwa Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma na afisa wa Jeshi la Anga la Italia. Alizaliwa mwaka 1911. Italia ya wakati wake ilikuwa imetoka vitani ikiwa na madeni, wala haikuwa na roketi ya kufikisha kitu angani. Broglio akapendekeza njia ya mkato iliyo halali: Waitaliano watengeneze satelaiti, Wamarekani wawape roketi na kuwafundisha kuirusha, na urushaji ufanyike kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na ikweta. Makubaliano ya Italia na Marekani yalitiwa saini mwaka 1962.

Kwa nini ikweta? Kwa sababu dunia inapojizungusha, ardhi ya ikweta ndiyo inayokimbia kuliko zote, karibu kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki. Roketi inayoondoka hapo imeshapewa msukumo wa bure kabla haijawashwa. Na kwa nini Ngomeni? Kwa sababu iko digrii 3 tu kusini ya ikweta, na mashariki yake kuna Bahari ya Hindi peke yake. Kikianguka chochote, kinaanguka majini.

Katika Ghuba ya Ungwana yakasimamishwa majukwaa yenye miguu ya chuma iliyozama kwenye sakafu ya bahari. Moja liliitwa San Marco, la kurushia. La pili, Santa Rita, lilikuwa la kuongozea. Hapo awali lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta. Nyaya zilizolazwa chini ya maji ziliunganisha majukwaa hayo. Mwaka 1964 roketi ndogo za utafiti zilianza kuruka kutoka hapo, kama fundi anayejaribu msumeno kwenye ubao wa taka kabla hajagusa mninga.

Satelaiti ya Broglio nayo ilikuwa kazi ya kipimo. Kwa nje ilikuwa tufe jepesi, ndani yake mna mwili mzito, na viwili hivyo vimeshikana kwa mikono inayonepa. Satelaiti inapopita mahali penye hewa nyembamba sana, hewa hiyo inalisukuma ganda la nje nyuma kidogo, huku mwili wa ndani ukiendelea na mwendo wake. Kusogea huko, ambako ni kudogo mno, ndiko kulikopimwa, na kwa njia hiyo ikajulikana hewa ya juu ina uzito gani. Wenyewe waliiita mizani ya Broglio. Fikiri mizani hiyo ingeunganishwa na vipande vilivyorundika makosa makubwa kuliko kile kinachopimwa! Ingepima uzembe wa karakana badala ya hewa.

Roketi yenye mitungi minne

Roketi waliyopewa Waitaliano iliitwa Scout. Ilikuwa nyembamba, urefu wake kama mita 23, na iliundwa kwa injini nne za fueli yabisi zilizopangwa moja juu ya nyingine: Algol chini, kisha Castor, kisha Antares, na Altair juu. Algol na Castor zilikuwa na maganda ya chuma, na mbili za juu zilitengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Kila moja ilitoka kwa mtengenezaji wake. Kampuni ya Dallas, Texas, ndiyo iliyozileta pamoja kuwa chombo kimoja.

Mpangilio huo una viungo vitatu kati ya injini na injini, kisha kiungo cha satelaiti. Hatua tatu za kwanza zilikuwa na vifaa vya kujiongoza. Zikienda upande ziliweza kurudishwa kwenye mstari. Hatua ya nne haikuwa na usukani wowote. Ilitulizwa kwa kuzungushwa kwa kasi, zaidi ya mizunguko 100 kwa dakika, kisha ikawashwa na kuachwa iende.

Watoto wa Songea wanaijua kanuni hii bila kusoma kitabu. Pia ya kuchezea ikichongwa sawasawa, ukiizungusha inasimama wima kama imelala usingizi. Pia iliyochongwa upande mmoja mzito inayumba, ncha yake inachora duara, na mara inaanguka. Hatua ya nne ya Scout, na satelaiti juu yake, ilikuwa pia. Uzito ukiwa nje ya mhimili kwa kiasi kidogo tu, au kiungo kikiwa na mwinamo kama ule wa mtungi wetu, satelaiti inaelekea pengine. Kwa hiyo kabla ya kuruka, hatua hiyo na mzigo wake vilizungushwa kwenye mashine ya kusawazisha, na vipande vidogo vya uzito vikaongezwa penye upungufu. Gereji zetu hufanya hivyohivyo kwa tairi la gari: fundi hachongi upya tairi, anabandika kipande cha risasi kwenye rimu.

Hapo pana hekima kubwa ya kazi hii. Kuna makosa ambayo huwezi kuyazuia yasirundikane, basi unatenga mahali pa kuyamalizia. Katika mnyororo wa vipande unaweka kimoja ambacho kipimo chake kitaamuliwa mwisho, baada ya vingine vyote kuwa mahali pake. Kinaweza kuwa uzito mdogo wa kusawazishia, au kibati chembamba cha kujazia mwanya, au tundu lililoachwa refu kidogo ili bolti isogee. Mwashi anafanya hivyo anapoacha tofali la mwisho likatwe papo hapo. Fundi asiye na elimu ya kipimo anafuatisha kila mahali. Mwenye elimu hiyo anafuatisha mahali pamoja alipopachagua tangu mwanzo.

Somo la Julai 1963

Scout haikuanza vizuri. Iliruka mara ya kwanza Julai 1, 1960, na miaka yake ya mwanzo ilijaa kushindwa. Julai 20, 1963, kwenye kituo cha Wallops, Virginia, pua ya injini ya kwanza ilitobolewa na moto sekunde chache baada ya kuwashwa. Roketi ikapinda na kuvunjika karibu kabisa na mahali ilipoondokea.

Waliopewa kuchunguza wangeweza kuishia kwenye pua. Hawakuishia hapo. Walitazama mambo yote na kuona kwamba vikundi vilivyorusha Scout, vya kiraia huko Wallops na vya kijeshi huko California, kila kimoja kilikuwa na taratibu zake, namna yake ya kukagua na mazoea yake. Hata roketi zenyewe hazikulingana. Kila mmoja alikuwa amejifunza kwa aliyemtangulia na kuongeza kidogo cha kwake. Nilipoisoma sehemu hii niliweka kitabu chini. Zilikuwa kenchi zangu kumi na mbili: mtoto amezaa mtoto, mpaka mama hajulikani tena.

Dawa yao ilikuwa ile ya Lizaboni. Roketi zilizokwisha kutengenezwa zilirudishwa Dallas zikaguliwe upya na kuwekwa katika hali moja. Taratibu zikaandikwa upya, na kila kikundi kikatakiwa kuzifuata hizo na si nyingine. Kazi ilichukua zaidi ya mwaka. Baada ya hapo Scout ikawa roketi ya kutegemewa. Ilipoagwa mwaka 1994 ilikuwa imeruka mara 118.

Waitaliano walijifunza katika kipindi hichohicho cha matengenezo. Desemba 15, 1964, kikosi chao kiliirusha San Marco 1 kutoka Wallops, mbele ya walimu wao. Kilichobaki kilikuwa kuihamisha nidhamu ile yote hadi kwenye jukwaa lenye chumvi na joto, upande wa pili wa dunia.

Joto la pwani

Kila kipimo cha uhandisi kina joto lake. Tangu mwaka 1931 mataifa yamekubaliana kwamba vipimo vya kiwandani vitajwe kwa nyuzi 20 za Selsiasi, kwa sababu chuma hutanuka kikipata joto. Nyuzi 20 ni asubuhi ya kawaida hapa Songea, chini ya milima ya Matogoro. Ngomeni haina asubuhi ya namna hiyo.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Aluminiamu yenye urefu wa mita 10 ikitoka nyuzi 20 kwenda 35 huongezeka karibu milimita 3.5. Chuma cha urefu uleule huongezeka kama milimita 1.8. Ukifunga kimoja kwenye kingine, pana tofauti ya zaidi ya milimita moja na nusu ambayo hakuna mkaguzi wa kiwandani aliyeiona, kwani alipokipima kila kimoja kilikuwa sawa. Jua likipiga upande mmoja tu wa mtungi, upande huo unarefuka na mwingine unabaki, nao mtungi unapinda. Ndiyo maana roketi za Ngomeni zilitayarishwa zikiwa zimelala ndani ya banda kwenye jukwaa, mbali na jua na upepo wa chumvi, ndipo zikainuliwa kusimama. Fundi wa paa naye anajua kwamba bati hufungwa asubuhi, na kwamba kamba aliyoivuta saa mbili ikiwa kavu si ile atakayoikuta jioni baada ya mvua.

Aprili 26, 1967, San Marco 2 iliondoka Ghuba ya Ungwana na kufika kwenye njia yake ya kuizunguka dunia. Kazi ya kuunganisha mitungi minne, iliyotoka bara lingine kwa mafungu, juu ya miguu ya chuma baharini, ilikuwa imekamilika bila kosa lililozidi kibaba.

Uhuru

Kati ya roketi zote za Ngomeni, inayotuhusu zaidi iliondoka Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru. Ilibeba satelaiti ya Marekani iliyokusudiwa kutafuta miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Uhuru ilijizungusha polepole, mara moja kila dakika 12, ikipangusa anga kwa macho yake mawili. Kazi yake ilikoma mwaka 1973, na habari ilizokusanya ziliwezesha kuorodheshwa kwa vyanzo 339 vya eksirei. Habari zake kuhusu chanzo kiitwacho Cygnus X-1 zilisaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Wanaosimulia habari za Uhuru hueleza nyota, na wana haki. Mimi hufikiria zaidi kiungo cha nne cha ile Scout. Ili neno la Kiswahili liandikwe katika vitabu vya elimu ya anga, ilibidi pia isiyo na usukani izunguke bila kuyumba, na ili isiyumbe, ilibidi mtu asiyetajwa popote, ndani ya banda, akatae kupitisha mwanya ambao macho yake hayakuuona ila kipimo kiliuona.

Roketi 9 za Scout ziliondoka Ngomeni kati ya mwaka 1967 na 1988. Zote 9 zilifikisha mizigo yake.

Kiungo kilichovuja

Kama yupo anayedhani hii ni hofu ya bure, na atazame Januari 28, 1986. Chombo cha Marekani kiitwacho Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu 7 wakafa. Kisa kilikuwa kiungo cha vipande viwili vya roketi ya pembeni, chenye pete za mpira za kuzuia moto usivuje.

Vipande vile vilikuwa mitungi mikubwa ya chuma iliyotumika zaidi ya mara moja. Vilisafirishwa kwa treni kutoka Utah vikiwa vimelala, na mtungi mzito ukilala hubonyea ukawa na umbo la yai. Vikiunganishwa, upande mmoja unabana na mwingine unaachia. Asubuhi ile kulikuwa na baridi kali, na mpira wa baridi hauwahi kutanuka kuziba mwanya. Tume ya uchunguzi ilitaja pamoja joto, vipimo, tabia ya vitu vilivyotumika, athari za kutumia tena, utayarishaji wake, na namna kiungo kilivyochukua mizigo. Soma orodha hiyo polepole. Ni kibaba kilichojazwa na haba sita.

Kuna wahandisi waliojua hatari hiyo na kusema usiku wa kuamkia siku ile kwamba roketi isiruke. Hawakusikilizwa. Hapo mrundikano ulikuwa umeshavuka chuma na kuingia kwa watu: huyu amevumilia kidogo, yule kidogo, kila mmoja akimpima aliyemtangulia, wala hakuna aliyerudi kwa mama.

Sentimita kumi

Jukwaa la San Marco halikurusha tena chochote baada ya Machi 25, 1988, ingawa kituo cha nchi kavu cha kufuatilia satelaiti kiliendelea, nacho kinabeba jina la Broglio, aliyefariki mwaka 2001. Lakini mbegu haikuoza. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Roma alikofundisha Broglio, kilifikisha angani satelaiti ndogo iitwayo 1KUNS-PF, iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Satelaiti hiyo ilikuwa mchemraba wenye upande wa sentimita 10. Kipimo hicho kilibuniwa mwaka 1999 na maprofesa wawili wa California ili wanafunzi popote duniani watengeneze satelaiti itakayoingia katika kasha lilelile la kurushia. Upana wa satelaiti ya namna hiyo kwenye reli zake ni milimita 100, na ruhusa ya kukosea ni 0.1 tu juu au chini. Ukizidisha, inakwama ndani ya kasha. Ukipunguza, inagongagonga njia nzima. Kijana wa Nairobi, wa Kampala au wa Songea halazimiki kumjua aliyetengeneza kasha. Wote wawili wanapima kutoka kwa mama mmoja.

Nikiwafundisha vijana, siku ya kwanza simpi yeyote msumeno. Nawapa ubao mmoja nilioukata na kuupima mimi, wenye alama ya rangi nyekundu, na mbao kumi na moja za kuchorea. Kisha nakaa kimya. Daima yupo mmoja ambaye, afikapo ubao wa tatu au wa nne, huuacha ule mwekundu ukiwa umeegemea ukutani na kuchukua ulio karibu na mkono. Simkatizi. Namwacha amalize, tunazisimamisha zote kwenye mstari, tunavuta kamba, na yeye mwenyewe anaona pengo. Halafu namwambia juu ya mitungi minne iliyosimama baharini, na pia iliyozunguka bila usukani, ikabeba juu kabisa neno letu. Anauchukua ule ubao mwekundu kutoka ukutani na kuanza upya.